Mlango wa Dereva

Magongo, Changamwe
Ijumaa jioni

Ndugu yangu Ruwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Rabai, wewe na mama na wote mlio chini ya paa moja. Natumaini mama amepata nafuu ya kifua, na kwamba mvua ya juzi haikuliharibu lile jiko mliloezeka upya. Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mishi hajambo, na mtoto ameanza kuketi bila kushikwa, ingawa akitazama juu huanguka chali. Mahindi mabichi uliyotutumia mwezi uliopita yalifika. Mishi aliyachoma, akala, akakuombea kheri. Mimi sikuyala, Ruwa. Nilisema meno yaniuma. Utajua sababu yake ukiisoma barua hii mpaka mwisho, nami nakusihi uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Najua utashangaa kuona mtu mwenye simu mfukoni akuandikia karatasi. Simu nimeishika mara nyingi tangu jana. Kila nikilitazama jina lako naona nitakavyofanya: nitaisikia sauti yako, nitageuza maneno, nitauliza habari za mvua, nitakata. Karatasi hainipi njia ya kukimbilia.

Acha nianze na siku ambayo hukuwepo. Wewe ulielezwa habari ile kwa maneno matatu langoni mwa gereji, na ni haki yako uijue kamili kama Bi Lynnette alivyotusimulia. Wakumbuka gari lake, lile jeupe. Yeye ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, upande wa Kipevu, na akaa Likoni pamoja na mamake, Bi Winfred. Kila asubuhi huvuka feri, humfikisha mama Bombolulu kwenye karakana anakotunga shanga, kisha hurudi kazini. Bi Winfred mguu wake wa kushoto ulipooza tangu utotoni, hutembea kwa gongo. Gari lilikuwa limetoka kwetu gerejini Jumamosi ile ya mwezi wa Machi, vioo vyote vinne vikipanda na kushuka sawasawa. Jumapili wewe ukaenda Rabai kwa matanga ya babu yako. Jumatatu asubuhi wao wakaingia feri.

Feri ilikuwa imejaa. Kushoto kwao palikuwa na lori, kulia pikapu, na magari yamebanana hata mlango haufunguki kwa zaidi ya kiganja. Bi Lynnette alisema kwamba mamake haketi ndani ya gari juu ya maji vioo vikiwa vimefungwa, kwa hiyo feri ilipoanza tu kuondoka alibonyeza swichi. Kioo kikashuka kidogo kikafa. Akabonyeza tena, na hapo akasikia harufu ya mpira unaoungua. Moshi ukatoka chini ya usukani, kisha kwenye ukingo wa mlango wake. Akazima injini, moshi haukukoma. Akajaribu milango, kufuli za umeme zilikuwa zimekufa pia, na alipozivuta kwa mkono, lori na pikapu zilikuwa pale pale. Gari lilijaa moshi kabla feri haijafika katikati ya mkondo.

Mama alikuwa kiti cha nyuma. Bi Lynnette alisema hakumwona tena, alisikia tu anakohoa, na alisikia gongo likigonga kioo, likigonga, kisha likiacha kugonga. Kuacha huko, alisema, ndiko kulikomfanya apige kelele. Msukuma mkokoteni mmoja akapenya kati ya magari, akakipiga kioo cha mlango wa nyuma kwa chuma mara mbili. Bi Winfred aliinua mkono wa kulia kukinga uso, na kioo kikamwangukia hapo. Walimtoa dirishani kama mzigo, binti yake akafuata. Wafanyakazi wa feri walikuja wakauzima moto, ukawa umekula nyaya za mlango na zulia kidogo, basi. Wengine wangesema ni bahati. Lakini kioo kilimkata kiganja mpaka kwenye kano, na mpaka leo vidole viwili vya mkono ule havikunjiki. Mkono huo ndio anaoshikia sindano ya shanga.

Adhuhuri hiyo hiyo gari lilivutwa mpaka kwetu. Tajiri wetu, Bwana Abdulghani, akalifungua mwenyewe sanduku la fyuzi mbele ya Bi Lynnette. Palipotakiwa kukaa fyuzi ya vioo palikuwa na kipande cha waya wa shaba, kimekunjwa mara tatu na kushindiliwa. Wewe na mimi twajua maana yake. Fyuzi imewekwa ife ili nyaya zipone. Ukitia waya wa shaba mahali pake hakuna kitakachokufa, nyaya zitaendelea kuvuta moto wa umeme mpaka ziwake. Bwana Abdulghani akauliza ni nani aliyefanya hivi, na jina lako likatajwa.

Yaliyofuata wayajua. Alhamisi uliporudi alikuzuia langoni, hata sanduku lako la vifaa hakukupa. Ulimsikiliza mpaka akamaliza, kisha ukaniita mimi, ukaniuliza mbele yake kama nakumbuka wewe uliugusa mlango wa dereva. Nikasema sikumbuki. Ukanipa mkono, ukaniambia nimtazamie dada yako Kafedha, asionewe na wapangaji wenzake. Ukaenda. Tangu siku hiyo umekuwa ukiponda kokoto, wewe unayeweza kuusikia waya mbovu kwa masikio tu.

Sasa habari za jana. Gari lile lilirudi Magongo saa tatu asubuhi. Bi Lynnette amekuwa akiliendesha miezi hii mitano vioo vimekufa vyote, kile kilichovunjwa amekiziba kwa nailoni, na mamake amekataa kuliingia, huenda Bombolulu kwa kubebwa na majirani. Bwana Abdulghani alikuwa amekwisha kununua kioo kipya na nyaya, akaahidi kulitengeneza lote. Lakini hilo silo lililowaleta. Bi Lynnette ana kaka yake, Morgan, dereva wa malori, mtu wa hasira. Morgan ameulizia mpaka akajua kwamba upo Rabai na nyumba yenu iko wapi. Amekwenda kituoni kufungua kesi, na afisa akamwambia alete kwanza karatasi ya fundi, iliyoandikwa na kutiwa sahihi, ieleze kilichoharibika ni nini na ni kazi ya nani. Morgan angekuja kuichukua alasiri, ili Jumatatu aje kukushika. Na fundi wa kuandika karatasi hiyo, ndugu yangu, ndiye mimi.

Bi Winfred alikuja pia, naye kaletwa na jirani. Alisema ataka kuona kwa macho yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, akaomba kiti, akakiweka kivulini mita mbili kutoka kwenye gari. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, umefunguka hivi, kama wa mtu anayeomba kupewa kitu.

Wewe ndiwe uliyenifunza kwamba vioo vyote vikifa pamoja fundi hahangaiki na mota, maana mota nne hazifi siku moja. Aanze panapogawiwa moto: fyuzi, kisha nyaya zinazoingia mlango wa dereva, kisha swichi kubwa iliyo mlangoni humo. Nayajua hayo kama ninavyolijua jina langu. Jana nikaanzia mlango wa nyuma, upande wa kushoto, mbali kabisa. Nikafungua ubao wa mlango, nikaitoa mota, nikaipa moto moja kwa moja kutoka kwa betri. Ikazunguka bila shida. Nikairudisha, nikaipima swichi yake, nzima. Nikahamia mlango wa nyuma wa kulia, nikafanya yale yale polepole. Bwana Abdulghani alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, mbona leo naanzia mkiani. Nikamjibu kwamba karatasi ya polisi yataka uhakika, nisiache kitu.

Katika mlango huo wa kulia niliukuta mkono wako. Nyaya mbili ulizoziunga Machi, kila fundo limechomelewa kwa solda na kuvikwa mpira wake, na mafundo umeyapishanisha, moja juu moja chini, yasisuguane. Moto wa mlango wa mbele haukuyagusa. Bwana Abdulghani akainama, akayatazama. Akauliza kazi hiyo ni ya nani, nikasema ya Ruwa. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, kama mkono uliofunga vile ndio ule ule uliotia waya wa shaba kwenye fyuzi. Nikasema labda siku ile ulikuwa na haraka.

Nimeandika maneno hayo na nimeyasoma tena. Ndivyo nilivyosema, Ruwa. Hiyo ilikuwa jana, si Machi. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, sikuitumia hata hiyo.

Kisha milango ya mbali ikaisha, ikabidi nije mbele. Nilitia fyuzi mpya ya kipimo chake, nikaigusa kwa taa ya kupimia, ikawaka. Nikaigusa swichi ya mlango wa dereva, giza. Maana yake moto wafika kwenye sanduku la fyuzi na haufiki mlangoni, umepotelea njiani, na njia yenyewe ni shubiri moja tu: ule mpira mweusi ulio kwenye bawaba, unaopitisha nyaya kutoka mwilini mwa gari kuingia mlangoni. Nikamwomba Bi Lynnette ashikilie swichi, nami nikawa naufungua na kuufunga mlango kidogo kidogo. Ulipofika karibu nusu, kioo kikatetemeka, kikashuka upana wa kidole, kikasimama. Mlio ule wa mota, wa nukta moja tu, ulimfanya Bi Winfred ashike gongo na kutaka kuinuka. Bwana Abdulghani akasema, "Ni hapo. Toa mpira."

Nikautoa. Nyaya zilikuwa zimeungua upande mmoja, na katikati yake lilikuwepo fundo. Halikuchomelewa. Lilisokotwa kwa vidole na kuviringishwa tepu nyeusi, likanenepa mpaka likawa linasugua bati kila mlango ulipofunguliwa. Nusu ya tepu iliyeyuka, nusu ni nzima, na ncha yake ilikuwa imekunjwa ndani kidogo ili ishikike kwa kucha siku ya kuifungua. Wajua ni nani Magongo nzima anayekunja ncha ya tepu. Ulikuwa ukinicheka, ukasema nafunga waya kama mtu anayefunga zawadi. Na Bwana Abdulghani naye ameona nikifunga hivyo kwa miaka minne.

Nilikuwa nimewapa mgongo. Nikakata fundo lile pande zote mbili kwa koleo, likaniangukia mkononi, nikalitia mfukoni. Nikawaambia nyaya zimekatika kwa moto, nitatia mpya. Hakuna aliyeniona.

Bwana Abdulghani akaleta daftari na kalamu, akaniwekea juu ya boneti. Nikaandika tarehe. Nikaandika namba ya gari. Nikaandika kwamba nyaya za mlango wa dereva ziliungwa vibaya, fundo likasugua bati, na kwamba fyuzi ilikuwa imetolewa na waya wa shaba ukatiwa mahali pake, ndipo moto ukazuka. Yote hayo kweli tupu. Nikafika pa kuandika kazi ilifanywa na nani. Kalamu ikasimama.

Ndipo Bi Winfred akaniuliza, kutoka pale kivulini, "Mwanangu, huyo Ruwa ni mtu wa namna gani?"

Sikulitarajia swali hilo. Nikamwambia ni mtu mzuri. Nikamwambia hanywi, hagombani, na ndiye aliyenifunza kazi nilipokuja hapa sijui hata rangi za nyaya. Maneno yalikuwa yakinitoka tu. Akatikisa kichwa kama mtu anayefikiri. Akasema yeye hamjui kwa sura, lakini kila asubuhi akishindwa kufunga vifungo vya nguo yake hulitaja jina hilo mbele ya Mungu, na amemwomba mkono wa Ruwa uharibike kama wake ulivyoharibika. Alisema ameomba hivyo kila siku kwa miezi mitano, na kwamba njiani akija alijiuliza kama ni haki kuendelea, ndiyo maana ameuliza.

Nikakuona umeinua nyundo juu ya jiwe, Ruwa. Wallahi nilikuona. Nikatia mkono mfukoni, nikalitoa lile fundo, nikaliweka juu ya karatasi.

Nikasema, "Si Ruwa. Ni mimi."

Sasa nakuambia na wewe, kwa mwandiko wangu, ili uwe nao. Jumamosi ile tuligawana milango. Wewe ulichukua ya nyuma, mimi ya mbele. Wewe ulimaliza, ukaniaga saa saba ukajiandae kwa safari. Mimi nilikuta waya umekatika kwenye bawaba, na wakati huo huo nikapigiwa simu kwamba kuna lori limekwama Kipevu langoni, taa haziwaki, na dereva ananingoja. Solda ilikuwa kwenye sanduku lako, nami nikaona uvivu kulifungua. Nikasokota kwa vidole, nikafunga tepu. Nilipojaribu, fyuzi ikakatika. Nikatia nyingine, ikakatika. Hapo nilijua kabisa kwamba fundo lile lagusa bati, sikuwa mjinga wa hilo. Nikakunja waya wa shaba, nikaushindilia, vioo vikapanda. Nikajiambia Jumatatu nitamwita Bi Lynnette nimalizie vizuri. Nikaenda Kipevu.

Na Jumatatu, Bwana Abdulghani alipouliza ni nani, hakuuliza mafundi wote. Aliniuliza mimi. Najua miezi hii yote umedhani ni yeye aliyekuchagua, au aliyechanganya kazi za watu. Sivyo. Jina lako lilinitoka mdomoni hata hajamaliza swali. Mtoto alikuwa na wiki mbili, Mishi bado yu kitandani, na damu ya yule mama ilikuwa kwenye kiti, naiona. Lakini sitaki kukudanganya tena kwa kusema ni kwa ajili ya mtoto. Nilikutaja kwa sababu hukuwepo. Hakuna sababu nyingine. Na uliporudi ukaniuliza langoni, ulikuwa ukinipa mlango wa kutokea, nami nikasema sikumbuki, nikakupa mkono ule ule.

Niliwaeleza hayo yote. Bi Lynnette aliingia ndani ya gari akafunika uso kwa mikono. Bwana Abdulghani aliketi juu ya gurudumu, akavua kofia, akasema amemfukuza mtu kwa ulimi wangu, na kwamba hilo atalijibu yeye kwa Mola wake, asije akasema ni mimi.

Bi Winfred akasema, "Miezi mitano nimemlaani mtu asiye na kosa. Na hilo pia ni lako." Kidogo akaongeza, "Haya. Tengeneza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia kwamba gari bado bovu na mimi ndimi fundi, nilitengeneze mbele yake. Nikafungua sanduku lako, Ruwa. Nisamehe kwa hilo. Nikatoa solda yako. Nilitia nyaya mpya tangu sanduku la fyuzi mpaka swichi, kila fundo nikalichomelea na kulivika mpira, nikayapishanisha kama ulivyonifunza. Mara mbili nilijichoma. Hakunihimiza wala hakuondoa macho. Nikafunga kioo kipya. Bi Lynnette akabonyeza, vyote vinne vikashuka, vyote vinne vikapanda.

Nikadhani tumemaliza. Bi Winfred akainuka kwa gongo lake, akamwambia binti yake atoke, akaketi yeye mahali pa dereva. Akaniambia niingie kiti cha nyuma nifunge mlango. Nikaingia. Nikaketi pale alipokuwa ameketi yeye. Akabana kufuli zote, akavipandisha vioo vyote mpaka juu, kisha akatulia. Ilikuwa saa saba ya mchana na gari lilikuwa juani. Nilikiona kidole chake kimelala juu ya swichi, cha mkono wa kushoto, maana ule wa kulia hauwezi. Hakubonyeza. Sijui ilikuwa muda gani. Jasho lilinijaa machoni, hewa ikawa nzito, nikaisikia pumzi yangu na yake, basi. Ningeweza kuivuta kufuli kwa mkono nikatoka. Sikuivuta. Nilitazama kisogo chake nikangoja, na nilipoanza kuhema kwa mdomo ndipo nilipoelewa kidogo tu, kidogo sana, maana mimi nilikuwa juani, na yeye alikuwa moshini juu ya maji.

Akabonyeza. Vioo vikashuka vyote pamoja, upepo ukaingia. Akasema bila kugeuka, "Sasa niambie jina la mamake Ruwa, nijue namwombea Ruwa wa nani." Nikamwambia. Akalirudia mara mbili ili asilisahau.

Morgan alikuja alasiri. Dada yake alimweleza kabla sijafungua mdomo, naye akanikamata ukosi, akanibana kwenye lori lililokuwa pale, na sikumlaumu. Mamake akamwita kwa jina lake lote, akaniachia. Karatasi nimeimaliza mbele yake, kwa jina langu kamili na sahihi yangu. Ziliandikwa nakala tatu. Moja anayo Morgan, moja anayo Bwana Abdulghani, ya tatu ni hii niliyoikunja ndani ya barua. Iweke mahali pakavu. Mtu yeyote akija kwenu kukuuliza, mwonyeshe.

Mishi nilimwambia jana hiyo hiyo. Alimchukua mtoto akaenda kulala kwa mamake Mtongwe, na leo asubuhi amerudi, amepika uji. Nimemwambia na Kafedha pia, kwa sababu ndiye atakayekuletea barua hii kesho, na sikutaka abebe asichokijua. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alikubali kuibeba, akafunga mlango.

Bwana Abdulghani amesema atakuja Rabai mwenyewe Jumapili pamoja na sanduku lako, kukuomba radhi mbele ya mama na kukutaka urudi. Utakavyomjibu ni juu yako, wala usinifikirie mimi katika jibu hilo, kwa kuwa mimi sipo tena pale. Niliondoka jana na nguo zangu za kazi.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nikiuomba hapa nitakuwa nakulazimisha unijibu, na umekwisha kufanyishwa mengi usiyoyataka kwa ajili yangu. Ninalotaka kukwambia ni hili moja. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kituoni Changamwe, pamoja na Morgan na Bi Lynnette, kuandikisha maneno yangu. Ukitaka kuyasikia kwa masikio yako, njoo. Usipokuja, nitayasema vile vile, neno kwa neno, nawe hupo.

Nisalimie mama, umwambie nimemwamkia shikamoo, ikiwa ataipokea. Wasalimie ndugu zako wote. Mungu akulinde wewe na mikono yako.

Wasalaam,

Ni mimi,
Hashim